Masizi ya Bomba Hula Kuni Zako

Ndugu mkulima, kabla hujaendelea kusoma, toka nje kidogo ukaangalie rundo lako la kuni. Mwezi uliopita lilikuwa kubwa kiasi gani? Leo limebaki kiasi gani? Ukiona kwamba kuni zinakwisha upesi kuliko zamani, na hali sufuria ni zile zile na watu wa nyumbani ni wale wale, usiwagombeze watoto kwanza. Yuko mlaji mwingine nyumbani kwako. Amekaa ndani ya bomba la moshi, na jina lake ni masizi.

Siku hizi wakulima wengi wa skimu zetu za Uasin Gishu na Lugari wameacha mafiga matatu, wakajenga jiko la matofali lenye bomba la kutoa moshi nje. Wengine wana pipa la kuchemshia maji kwa kuni, la kuoshea vyombo vya maziwa. Hayo ni maendeleo mema. Lakini jiko lenye bomba ni kama ng'ombe wa gredi: ukilinunua na kuliacha bila kulitunza, litakutia hasara. Mimi nayajua haya kwa sababu yalinipata mwenyewe, na sitaona haya kuwasimulia.

Yaliyotupata nyumbani

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Kwa hiyo nilidhani najua mambo. Tulipojenga jiko letu, mke wangu alifurahi sana. Macho hayakumwasha tena, kuta zilibaki nyeupe, na tita moja la kuni lilitosha siku mbili.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Mwaka wa pili, mvua zilipozidi, jiko likaanza kukohoa. Ukiwasha moto, moshi ulirudi mlangoni mwa jiko badala ya kupanda juu. Mke wangu akaniambia, "Baba, hili jiko lina neno." Nikamjibu kwamba ni upepo tu. Akaongeza kuni ili moto ukolee, na kila alipoongeza, moshi ulizidi.

Ikafika usiku mmoja wa Julai. Ninyi wenyewe mnaijua baridi ya huku kwetu, maana tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Tulifunga madirisha yote, tukaacha moto wa kuni mbichi ukifuka jikoni, nasi tukalala chumba cha pili. Usiku wa manane binti yetu aliamka akilia kwamba kichwa kinampasuka, akatapika. Mimi nikasema ni malaria. Mama yake hakungoja maneno yangu. Alimfunika blanketi, akamtoa nje penye hewa safi. Baada ya muda mtoto akatulia, na asubuhi tulimpeleka hospitali akaangaliwa. Hakuwa na malaria. Alikuwa amevuta sumu ya moto.

Siku hiyo hiyo nilimwita fundi aliyelijenga jiko. Nilimpokea kwa maneno makali, nikamwambia ameniuzia jiko bovu. Yeye ni mzee mpole, hakunijibu. Aliuliza swali moja tu: "Karani, bomba hili mlilisafisha lini?" Nikanyamaza. Alifungua kiwiko cha bomba, yaani pale linapopinda, akakigonga juu ya karai. Masizi yalianguka yakajaza karai. Nilipochungulia ndani ya bomba, nafasi iliyobaki ya kupitisha moshi haikuzidi upana wa sarafu. Jiko halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu.

Masizi ni nini?

Sasa nifuateni kidogo kama darasani. Kuni zikipata hewa ya kutosha na zikiwa kavu, huungua karibu zote, zikabaki majivu. Kuni zikiwa mbichi, au hewa ikiwa haba, haziungui kabisa. Sehemu yake hupanda na moshi ikiwa vumbi jeusi, mvuke na mafuta mazito. Moshi huo ukigusa bomba lililo baridi, vitu hivyo huganda ukutani. Hayo ndiyo masizi. Basi kumbukeni neno hili: masizi ni kuni ambazo hazikuungua. Ulizikata, ukazipasua, ukazibeba, kisha ukazipaka ndani ya bomba.

Masizi huleta hasara tatu.

Kwanza, huziba njia. Moto huvuta hewa kwa sababu moshi wa moto hupanda bombani kwa nguvu. Bomba likiwa jembamba, moshi hupanda polepole, hewa mpya haiingii, na moto husinzia. Moto ukisinzia hutoa masizi zaidi. Ndiyo maana bomba lililoanza kuziba huzidi kuziba upesi.

Pili, masizi ni kama blanketi. Joto halipiti vizuri ndani yake. Chuma cha jiko au cha pipa la maji kikivikwa masizi, joto la moto hushindwa kuingia katika chakula au maji, likapita zake na kutoka juu ya paa. Nawe unaongeza kuni ili kupasha mawingu joto.

Tatu, masizi yenyewe huwaka. Siku moja cheche kali hupanda, ikayawasha ndani ya bomba. Moto wa namna hiyo unaweza kupita digrii 1,000, ukayeyusha viungo, ukapasua matofali na kuwasha mbao za paa. Mwenye jiko chini ya paa la nyasi aelewe neno hili mara mbili.

Wenzetu wa nchi za baridi

Msidhani kwamba shida hii ni yetu peke yetu. Kanada, na katika jimbo la Vermont huko Marekani, wakulima hutoboa mti uitwao mepo, ule ambao jani lake limechorwa katika bendera ya Kanada. Wakati majira ya baridi yanapokwisha, maji ya mti hudondoka, nao huyakusanya na kuyachemsha mpaka yawe shira tamu. Kazi hiyo hula moto mwingi, maana hutakiwa lita 40 hivi za maji ya mti ili kupata lita moja ya shira. Ni sawa na madebe mawili kuchemshwa mpaka ibaki chupa moja.

Wakulima wale hutumia sinia kubwa za chuma, na kitako cha sinia kimekunjwa kikawa na mifereji mirefu, ili moto upite katikati yake na kugusa chuma kingi. Sinia hiyo hufanya kazi vizuri sana ikiwa safi. Lakini masizi yakijaa katika mifereji, kuni huongezeka na maji huchelewa kukauka. Kwa hiyo mkulima hodari wa huko huzima moto, akatoa sinia na kusugua masizi kwa brashi kabla ya kuendelea na kazi. Hangoji msimu uishe. Yeye apimaye shira yake kwa kuni anajua kwamba kila brashi anayopitisha inamrudishia mzigo wa kuni.

Kanuni yao na yetu ni moja. Moto ni lazima uguse chuma, si masizi.

Dalili za bomba lililochafuka

Usingoje mtoto augue kama nilivyongoja mimi. Bomba husema mapema, ukilisikiliza:

Moshi hurudi mlangoni mwa jiko, hasa wakati wa kuwasha.

Moto huwaka mwekundu wa kufifia na mrefu, badala ya kuchangamka.

Maji ya chai huchelewa kuchemka, na kuni zinatumika nyingi kuliko zamani.

Vipande vyeusi huanguka juani pa paa au juu ya nguo zilizoanikwa.

Ukigonga bomba kwa kijiti, halilii kama debe tupu. Hutoa sauti nzito kama debe lenye unga.

Maji meusi yenye harufu kali hudondoka katika viungo vya bomba wakati wa mvua.

Ukiona dalili moja, safisha wiki hii. Ukiona mbili, usiwashe tena kabla hujasafisha.

Namna ya kusafisha

Kazi hii haihitaji mashine. Huhitaji saa moja au mbili, na vitu vilivyomo nyumbani: karai, magunia mawili, kamba, fito ndefu, waya wa kufungia, kipande cha bati cha kukwangulia, na ngazi imara. Fanya hivi:

1. Zima moto jioni, ufanye kazi asubuhi. Jiko liwe limepoa kabisa. Usifanye kazi wakati wa mvua au upepo mkali, maana paa la mabati lenye maji huangusha mtu.

2. Toa vyakula na maziwa jikoni. Watoto wakae mbali. Vaa nguo kuukuu zenye mikono mirefu, kofia, na funga kitambaa puani na mdomoni.

3. Toa majivu yote jikoni. Kisha funika mlango wa jiko kwa gunia lililoloweshwa maji, ili masizi yasitawanyike nyumbani.

4. Tengeneza brashi. Kata gunia vipande, uvifunge kwa waya penye ncha ya fito mpaka vifanye fundo nene kupita kidogo upana wa bomba. Liingie kwa kubana, lakini lisikwame.

5. Mtu mmoja apande ngazi, na mwingine aishike. Ondoa kofia ya bomba, uikwangue. Mara nyingi kofia ndiyo iliyoziba, maana moshi hupoa hapo.

6. Shusha brashi polepole, ukipandisha na kuteremsha, mpaka chini. Usigonge bomba kwa nyundo. Bomba la bati jembamba likibonyea au kutoboka, moshi utapita huko daima.

7. Fungua kiwiko, ukitoe nje na kukisugua peke yake. Hapo ndipo masizi hupenda kulala.

8. Ondoa gunia la mlangoni, uzoe masizi yote. Kwangua pia nyuma ya jiko na chini ya bamba la chuma, kule moto unakopita kabla ya kuingia bombani. Wengi husafisha bomba wakasahau njia hii.

9. Rudisha kiwiko na kofia. Viungo vizibwe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu.

10. Jaribu. Washa karatasi moja tu jikoni. Moshi wake ukivutwa ndani mara moja, kazi imekwisha. Ukirudi usoni kwako, bado kuna mahali palipoziba.

Ukikuta masizi magumu yanayong'aa kama viatu vilivyopakwa rangi, hayo yameganda kuwa lami. Brashi haitayatoa, nayo ndiyo mepesi kushika moto. Badilisha kipande hicho cha bomba. Gharama ya bomba moja ni ndogo kuliko ya paa.

Watu wengine hutia mafuta ya taa jikoni au huchoma plastiki ili kuunguza masizi. Nawasihi msifanye hivyo kamwe. Huko ni kuwasha moto ndani ya bomba kwa mikono yako mwenyewe.

Pipa la maji ya maziwa

Mkulima wa ng'ombe wa maziwa aliye na pipa la kuchemshia maji ana sababu kubwa zaidi ya kusikiliza. Mengi ya mapipa hayo yana bomba linalopita katikati ya maji, na moto huingia chini na kutoka juu. Bomba hilo la katikati ndilo hupasha maji joto, kama ile mifereji ya sinia za shira. Likivikwa masizi, maji ya asubuhi hubaki vuguvugu. Vyombo vikioshwa kwa maji vuguvugu, mafuta ya maziwa hubaki ndani, vijidudu huzaliana, na maziwa hukataliwa kituoni. Basi mkulima humlaumu mkamuaji, au ng'ombe, au mpimaji wa maziwa. Kumbe mkosaji amelala ndani ya bomba. Pitisha brashi katika bomba hilo kila wiki mbili. Ni kazi ya dakika kumi, lakini moto uwe umezimwa na maji yamepoa.

Linda mwili wako

Masizi si uchafu wa kuchezea. Zamani huko London watoto maskini waliajiriwa kupanda ndani ya mabomba ya nyumba ili kuyasafisha. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott aliandika kwamba watu wa kazi hiyo walipatwa na kansa, kwa sababu ya masizi yaliyoshika ngozi yao. Leo wataalamu wamehakikisha kwamba masizi huleta kansa kweli. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi na hewa chafu ya majumbani.

Kwa hiyo ukimaliza, oga kwa sabuni mwili mzima, na nguo zifuliwe mbali na nguo za watoto. Usimtume mtoto kazi hii. Masizi yazikwe shimoni, mbali na kisima. Usiyachanganye na majivu. Majivu safi ya kuni hufaa shambani, kwa maana udongo wa sehemu nyingi za huku kwetu una uchachu, na majivu huupunguza. Na masizi ya bomba si makaa ya senetwet ya kutia katika kibuyu cha mursik! Kila kitu cheusi si dawa.

Ile sumu iliyomwumiza binti yangu haina rangi wala harufu. Hutokea moto unapokosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja penye moto, toeni kila mtu nje kwanza, kisha nendeni hospitali. Na usilale na jiko la makaa chumbani, hata baridi iwe kali namna gani.

Bomba likishika moto

Ukisikia bomba linanguruma kama lori linalopanda mlima, au ukiona cheche nyingi zikiruka juu ya paa, masizi yamewaka. Toa watu wote nje. Funga mlango wa jiko na kila tundu la hewa, au mwaga mchanga au udongo mkavu juu ya kuni. Usimwage maji ndani ya bomba wala ndani ya jiko lenye moto mkali. Mvuke utaruka na kukuunguza, na matofali yatapasuka. Maji yatumie kulowesha paa na ukuta ulio karibu. Ita majirani. Moto ukizimika, kesheni mkiangalia mbao za paa, maana moto huweza kujificha humo kwa saa nyingi.

Kinga ni kuni kavu

Kusafisha ni dawa, lakini kinga ni kuni kavu. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake huenda ikawa maji. Moto wako ni lazima uyachemshe maji hayo kwanza kabla ya kukuchemshia chai. Kata kuni zako za miwati au mikaratusi mapema wakati wa kiangazi, zipasue, uzipange kwa kuachanisha chini ya banda lililo wazi pembeni, zisiguse ardhi. Ziache miezi sita au zaidi. Kuni kavu huwa na nyufa mwishoni, na ukigonganisha mbili hulia kwa sauti kali. Magunzi ya mahindi nayo yaanikwe. Yakichomwa na unyevu wa mavuno, hutoa moshi mwingi. Na moto uwe mdogo uliochangamka, si mkubwa unaofuka.

Siku ya kukumbuka

Wengi wataniambia, "Karani, maneno ni mazuri, lakini tutasahau." Ni kweli, hata mimi nilisahau mwaka mzima. Basi shikeni desturi hii. Gazeti hili huwafikia mara moja kwa mwezi. Siku linapofika, kabla hamjalifungua, gongeni bomba kwa kijiti na kusikiliza. Likilia kama debe tupu, ketini msome. Likilia kwa uzito, wekeni gazeti juu ya meza na moto uzimwe jioni hiyo. Kisha usafi mkubwa ufanyike mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Machi kabla ya mvua ndefu, na mwezi wa Oktoba kabla ya shughuli za mavuno.

Nyumbani kwetu kazi ya kugonga bomba ameichukua yule binti. Kila mwezi hushika kijiti, akagonga mara tatu, kisha hututangazia habari. Brashi tunaishika sisi wazazi wake. Tangu siku ile ya karai, tita moja la kuni limerudi kutosha siku mbili, na wakati wa baridi tunalala dirisha moja likiwa wazi kidogo. Nendeni mkagonge mabomba yenu leo.